Mali Bila Daftari: Sili wa Namibia na Uhuru Usiohesabiwa

Tarehe 1 Julai ya kila mwaka, msimu wa kuvuna sili hufunguliwa nchini Namibia, na haufungwi hadi katikati ya Novemba. Alfajiri, ukungu wa Mkondo wa Benguela ukiwa bado umelala juu ya mchanga, vibarua wenye marungu hushuka ufukweni, huwatenga watoto wa sili na maji, huwapiga vichwani, kisha huwachoma kisu cha moyo ili damu itoke. Madume makubwa hupigwa risasi. Huko Cape Cross, kaskazini mwa Swakopmund, kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa asubuhi na mapema; ikiisha, ufukwe husafishwa, na baadaye lango hufunguliwa kwa watalii waliolipa kiingilio ili wawatazame sili waliobaki. Mnyama yuleyule, siku ileile, ni ngozi kabla ya staftahi na ni kivutio baada yake.

Nililieleza jambo hili darasani, katika somo la siasa za rasilimali. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi watu wa Bahari ya Hindi tunahusika vipi na wanyama wa Atlantiki? Watu wanakufa Kongo, wewe unawalilia sili?" Darasa likacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, kwa sababu swali lilikuwa la haki na lilistahili jibu zito kuliko lile nililoweza kulitoa katika dakika tano zilizosalia. Nilimwahidi kwamba nitaandika. Makala haya ni deni ninalolilipa.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: sili wa Namibia ni kipimo. Ukitaka kujua kama taifa lililokomboa ardhi yake limekomboa pia mali yake, usianzie kwenye almasi wala urani, ambako kila mtu anatazama. Anzia kwenye mali ndogo, isiyo na mtetezi, inayochukuliwa alfajiri. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nitajaribu kuonyesha kwamba uvunaji wa sili unatetewa kwa lugha tukufu ya uhuru na matumizi endelevu, huku daftari lenyewe likiwa halifunguliwi mbele ya mwenye mali, yaani raia.

Kwanza tumjue anayezungumziwa. Katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hatuna makazi ya sili, na ndiyo maana neno lenyewe tumelitohoa. Sili wa Rasi ni mnyama wa baharini anyonyeshaye, mwenye masikio yanayoonekana, mwenye uwezo wa kutembea nchi kavu kwa mapezi yake, na aliyefunikwa na manyoya mazito ya ndani yanayomkinga na baridi ya maji. Manyoya hayo ndiyo bahati yake na ndiyo balaa lake. Wataalamu wanamwita Arctocephalus pusillus, na wanamgawa katika nususpishi mbili: moja huishi kusini mashariki mwa Australia, na nyingine, ambayo ndiyo mada yetu, huishi katika pwani ya Afrika Kusini, Namibia na kusini mwa Angola pekee. Majike huzaa mwezi Novemba na Desemba, kila mmoja mtoto mmoja. Mama huenda baharini kuwinda kwa siku kadhaa, hurudi, na katika kundi la makumi ya maelfu humtambua mwanawe kwa sauti na harufu. Humnyonyesha kwa miezi minane, tisa, kumi, wakati mwingine hadi anapokaribia kuzaa tena. Msomaji apige hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa Desemba, ifikapo Julai ana miezi saba. Anayepigwa rungu bado yumo katika ziwa la mama yake.

Nataka niwe mkweli mapema, maana hoja nyingi za wanaharakati huharibika kwa kutia chumvi. Sili huyu hayumo katika hatari ya kutoweka. Idadi yake yote hukadiriwa kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili, na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, limemweka katika kundi la spishi zisizo na wasiwasi mkubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya karne tatu za kuchinjwa na mabaharia wa Ulaya, ilikadiriwa kwamba walibaki pungufu ya laki moja, na visiwa vingi walivyokuwa wakizalia vilikuwa vitupu. Waliongezeka baada ya uchinjaji kuwekewa sheria, wakahamia ufukwe wa bara kwenye maeneo ya almasi yaliyofungwa kwa watu, kama vile Kleinsee, Atlas Bay na Wolf Bay. Kwa hiyo simlilii mnyama wa mwisho. Ninachohoji ni nani anaamua, kwa faida ya nani, na kwa hesabu gani.

Sasa historia, na hapa mwanafunzi wangu ataona kwamba Dar es Salaam haiko mbali na Cape Cross kama anavyodhani. Mwaka 1486 Mreno Diogo Cão alisimika msalaba wa jiwe katika rasi hiyo, na ndipo jina lake lilipotoka. Mwaka 1893 Wajerumani waliung'oa msalaba huo wakaupeleka kwao. Wakati huohuo makampuni yalikuwa yanachota samadi ya ndege na ngozi za sili katika pwani ile. Kisha wakaja Makaburu. Kwa miongo kadhaa Afrika Kusini iliitawala Namibia, na sili, kama samaki na almasi, waligawiwa kwa leseni zilizoandikwa na watu ambao Mnamibia hakuwachagua.

Mwaka 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba ukaaji wa Afrika Kusini nchini Namibia ni haramu. Tarehe 27 Septemba 1974, Baraza la Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Namibia likapitisha Amri Namba 1 ya kulinda maliasili za nchi hiyo: hakuna mtu wala kampuni iliyoruhusiwa kuchukua, kuchakata au kusafirisha maliasili yoyote ya Namibia, iwe ya wanyama au ya madini, bila idhini ya Baraza. Tafadhali lisome tena neno "wanyama". Halikuwekwa kwa bahati mbaya. Katika miaka hiyohiyo ngozi za sili kutoka Namibia zilikuwa zimegeuka kesi nchini Marekani. Mbunge Mweusi, Charles Diggs, pamoja na wenzake walikwenda mahakamani kuizuia serikali yao isishirikiane na Afrika Kusini katika biashara ya ngozi hizo, kwa hoja kwamba kununua ngozi kutoka kwa mkaaji haramu ni kumhalalisha. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ya Washington iliwakatalia, ikisema azimio la Umoja wa Mataifa haliwezi kutekelezwa na mahakama za ndani. Mwaka uliofuata, katika kesi nyingine, mahakama hiyohiyo iliiwekea kizuizi leseni ya kuingiza ngozi hizo, safari hii kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ilikataza ngozi ya mnyama anayenyonya au aliye chini ya miezi minane. Hoja ya ukoloni ilishindwa, hoja ya ziwa la mama ikashinda. Wanafunzi wa sheria wana cha kutafakari hapo.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa ndani kabisa. SWAPO ilifungua ofisi yake Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake katika jiji hilohilo. Wapiganaji wa kwanza wa Namibia walipata mafunzo wakiwa na kambi Kongwa, mkoani Dodoma, na baadhi ya waliopita pale ndio walioanza vita Agosti 1966 kule Omugulugwombashe. Wakulima wa Kitanzania ambao hawakuwahi kuiona Atlantiki walichangia ukombozi ule kwa jasho na kwa sadaka. Walichangia ili mali ya Namibia iwe ya Wanamibia. Nani basi ana haki zaidi ya kuuliza ilikuwaje kuliko mtoto wa aliyechangia?

Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Katiba yake ni miongoni mwa katiba za kwanza Afrika kuitaja waziwazi mifumo ya ikolojia: Ibara ya 95 inaitaka serikali itunze bioanuwai na kuitumia maliasili hai kwa njia endelevu, kwa manufaa ya Wanamibia wote, wa leo na wa kesho. Na ofisi ya Mchunguzi wa Malalamiko ya Wananchi ikapewa kikatiba jukumu la kushughulikia malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya maliasili hai. Ni katiba ya kuonea wivu.

Lakini mwaka huohuo wa 1990 likatokea jambo ambalo sijawahi kusikia likijadiliwa na wanasiasa wetu. Afrika Kusini, ikiwa bado chini ya serikali ya Makaburu, ilisitisha uvunaji wa sili kutokana na kelele za umma wake. Haijaurudia tangu hapo. Mtawala wa zamani aliweka rungu chini, na mtawaliwa aliyekombolewa akaliokota. Kwa miaka mingi kiwango cha uvunaji kinachotajwa nchini Namibia ni watoto wapatao 80,000 na madume wapatao 6,000 kwa msimu.

Watetezi wa uvunaji huu wana hoja tatu, nami nitazichukua moja baada ya nyingine kwa uzito zinaostahili.

Hoja ya kwanza husema: sili wanakula samaki wetu. Ni hoja yenye mvuto kwa sababu nusu yake ni kweli. Sili milioni moja na zaidi hula samaki wengi mno. Lakini kutoka "sili anakula samaki" hadi "tukimuua sili tutapata samaki" kuna shimo ambalo sayansi haijalifukia. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Afrika Kusini walilichunguza swali hilo kwa samaki aina ya heki, mwenye thamani kubwa kuliko wote katika bahari hiyo. Heki wako wa aina mbili, wa maji ya kina kifupi na wa kina kirefu, na yule wa kina kifupi huwala watoto wa mwenzake. Sili naye humla zaidi yule wa kina kifupi. Ukimpunguza sili, unamwongeza mlaji wa heki mdogo. Mwisho wa hesabu, faida kwa mvuvi huwa ndogo au haipo kabisa. Bahari si ghala ambalo ukimfukuza panya nafaka inaongezeka.

Na kama tunatafuta aliyemaliza samaki, tusimtafute mbali. Mwaka 1968 viwanda na meli za uvuvi zilivua karibu tani milioni 1.4 za sadini katika pwani ya Namibia. Ndani ya miaka michache sadini wakaporomoka, na hadi leo hawajarudi katika wingi ule. Mwaka 2018 Namibia ililazimika kusimamisha uvuvi wao kwa miaka mitatu. Meli zile zilikuwa za wageni na viwanda vilikuwa vya Makaburu. Katika nafasi iliyoachwa na sadini wakajaa yavuyavu, wale ambao wavuvi wetu huwaita pia konyeza: vipimo vilivyochapishwa mwaka 2006 vilionyesha kwamba uzito wao katika eneo kubwa la bahari ile ulizidi uzito wa samaki zaidi ya mara tatu. Sili hakufanya hayo. Aliishi na sadini wale kwa maelfu ya miaka kabla ya meli ya kwanza yenye jokofu kutia nanga.

Kuna ushahidi mwingine ulio wazi kuliko wote. Afrika Kusini haijavuna sili tangu 1990. Kama hoja ya samaki ni ya kweli, uvuvi wake wa heki ungekuwa umekufa. Kinyume chake, mwaka 2004 uvuvi huo ulipata cheti cha kimataifa cha uendelevu, katika bahari iliyojaa sili ambao hakuna anayewapiga rungu. Uvuvi wa heki wa Namibia ulipata cheti kama hicho mwaka 2020, na sifa yake inatokana na hatua ambazo naziheshimu: baada ya uhuru Namibia ilitangaza eneo lake la maili 200, ikazikamata meli za Kihispania zilizokuwa zinapora, ikaweka wakaguzi ndani ya meli. Hivyo ndivyo samaki wanavyolindwa, yaani kwa kumdhibiti mvuvi.

Hoja ya pili husema: kuna ajira na mapato. Hapa siwezi kumdharau kibarua. Mtu anayeamka saa kumi usiku kwenda kuua kwa rungu kwa ujira wa msimu hafanyi hivyo kwa ukatili. Anafanya kwa sababu hakuna kazi nyingine. Hasira yangu haimhusu. Lakini ajira zenyewe ni za msimu na hazifiki elfu moja, haki za uvunaji zimo mikononi mwa makampuni machache, na kwa miaka mingi mnunuzi mkuu wa ngozi alikuwa mfanyabiashara mmoja wa nje, mwenye viwanda nchini Uturuki. Viungo vya uzazi vya madume huuzwa Asia kama dawa ya nguvu. Mizoga husagwa. Mwaka 2024, wakati wa ukame mkali, serikali ya Namibia ilitangaza kuwaua wanyamapori 723, wakiwamo tembo 83, ili nyama igawiwe kwa wenye njaa. Mtu anaweza kulipinga hilo au kuliunga mkono, lakini angalau anajua chungu kilipo. Kwa sili, chungu kiko wapi?

Utafiti wa kiuchumi uliotolewa mwaka 2011 ulikadiria kwamba utalii wa kuwatazama sili uliiingizia Namibia fedha nyingi mara kadhaa kuliko kuwaua. Lazima niseme kwamba utafiti huo ulifadhiliwa na makundi yanayopinga uvunaji, kwa hiyo mwenye shaka ana haki ya kuwa na shaka. Dawa ya shaka hiyo ni rahisi: serikali itoe hesabu zake. Ngozi moja inauzwa bei gani inapotoka bandarini? Mwenye leseni analipa ada kiasi gani kwa kila mtoto wa sili? Kiasi gani kinafika hazina, na kiasi gani kinarudi kwa wakazi wa pwani, wakiwamo Watopnaar walioishi kwa mazao ya ufukwe ule kabla ya msalaba wa Mreno? Takwimu zilizowahi kutoka zinaonyesha hata kwamba mara nyingi wanaovunwa hawafikii kiwango kilichowekwa. Kiwango kisichofikiwa mwaka hadi mwaka hakimzuii mvunaji kwa lolote, na kwa hiyo hakistahili kuitwa kipimo cha uendelevu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi kwa msomaji wa Kiafrika: haya ni mambo yetu, Wazungu watuache. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia bidhaa za sili katika soko lake, ukiwaachia Wainuiti kwa sababu za utamaduni na riziki. Kanada na Norway zilishtaki katika Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 2014 uamuzi wa mwisho ukakubali kwamba maadili ya umma yanaweza kuwa sababu halali ya kuzuia biashara, lakini ukasema misamaha ilivyotumika ilikuwa na ubaguzi. Namibia, isiyo na mwanasheria wa kutosha katika meza hizo, ilifungiwa mlango bila mtu kuuliza Mnamibia anakula nini.

Ninakiri kwamba nyani haoni kundule. Uskoti, iliyokuwa ndani ya Umoja huohuo, iliendelea kutoa leseni za kuwapiga risasi sili karibu na mabwawa ya samaki aina ya salmoni hadi mwaka 2021. Ulaya iliyomaliza sili wa visiwa vya kusini kwa ajili ya kofia na makoti haina kiti cha kukalia ili itufundishe huruma. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wanaharakati wengi wa Ulaya wanaguswa na macho ya mtoto wa sili kuliko macho ya mtoto wa kibarua anayempiga.

Hata hivyo, ndugu zangu, unafiki wa jirani si cheti cha usafi wangu. Hii ndiyo hila ninayowaomba wanafunzi waijue kwa jina lake, kwa sababu inatumika katika kila wizara ya bara hili. Raia anapouliza swali, anajibiwa kana kwamba ni balozi wa Ulaya. Anaambiwa ametumwa. Uhuru, ambao ulikuwa haki ya raia dhidi ya mgeni, unageuzwa kuwa ngao ya ofisa dhidi ya raia. Amri Namba 1 ya 1974 ilisema mali ya Namibia isichukuliwe bila idhini ya mwenyewe. Mwenyewe ni nani leo? Kama ni wananchi, idhini yao imeandikwa wapi?

Swali hili si la kinadharia. Novemba 2019 dunia ilisoma nyaraka zilizoonyesha tuhuma kwamba mgao wa samaki wa Namibia uliuzwa kwa rushwa kwa manufaa ya kampuni kubwa ya Iceland. Waziri wa uvuvi na waziri wa sheria walijiuzulu na kukamatwa. Watuhumiwa wamekana mashtaka, na mahakama ndiyo yenye neno la mwisho; sitaliingilia. Ninachosema ni kwamba wizara inayogawa haki za samaki ndiyo hiyohiyo inayogawa haki za sili. Kama mgao wa mali kubwa, yenye wakaguzi na vyeti vya kimataifa, ulihitaji mtoa siri ili umma ujue kilichomo, tutegemee nini kwa mali inayochukuliwa alfajiri katika ufukwe uliofungwa?

Na wingi wa sili usitulaze usingizi. Mwaka 1994 joto la maji na upungufu wa oksijeni viliwafukuza samaki pwani ya Namibia. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya sili wa nchi hiyo walikufa kwa njaa. Mwaka 2020, karibu na Walvis Bay, ufukwe ulitapakaa maelfu ya vijusi walioharibika kabla ya wakati. Mwaka 2024 kichaa cha mbwa kilithibitishwa miongoni mwa sili wa Afrika Kusini, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwa kiwango hicho kwa wanyama wa baharini popote duniani. Na kwa miongo kadhaa sasa sili wamekuwa wakisogea kaskazini, hadi Baía dos Tigres nchini Angola. Hawa ni kundi moja lisilojua mpaka, linaloishi chini ya sheria tatu. Kiwango kinachobaki vilevile huku bahari ikibadilika namna hii hakiwezi kuitwa endelevu kwa sababu tu karatasi inasema hivyo.

Ofisi ya Mchunguzi wa Malalamiko ilitoa ripoti yake mwaka 2012 baada ya wanaharakati kulalamika. Haikuuona uvunaji kuwa haramu. Naipokea hukumu hiyo. Sijadai kwamba ni haramu. Leseni za Makaburu nazo zilikuwa na mihuri. Uhalali wa sheria ni mwanzo wa mjadala wa haki, na mtumishi wa umma anayetosheka na muhuri pekee amesahau kwa nini tulipigania kubadilisha waliokuwa wameshika muhuri.

Msimamo wangu, basi. Uvunaji wa watoto wanaonyonya usimamishwe, na usirejeshwe mpaka serikali ya Namibia ichapishe kwa kila mwaka mambo matano: sili waliohesabiwa, kiwango kilichowekwa na sababu yake, waliovunwa kweli, majina ya wenye haki za uvunaji, na fedha iliyoingia hazina. Mzigo wa kuthibitisha umwangukie anayeua mali ya umma kwa faida binafsi, si anayeuliza. Tume ya Mkondo wa Benguela, inayoziunganisha Angola, Namibia na Afrika Kusini, iwahesabu sili hawa kama kundi moja. Na SADC, ambayo Tanzania ni mwanachama wake na ambayo ina itifaki ya uvuvi tangu 2001, iache kunyamaza kwa kisingizio cha ujirani mwema.

Mwaka 2019 jumba la makumbusho mjini Berlin lilikubali kuurudisha Namibia msalaba ule wa jiwe uliong'olewa mwaka 1893. Nililifurahia sana, na naamini kila Mwafrika alilifurahia. Lakini nilijiuliza: tunadai jiwe lirudi kutoka Ulaya, na ni haki yetu kudai; ngozi zinazoondoka kila msimu kutoka rasi ileile, nani ametia saini?

Kijana wangu uliyekaa nyuma, uliniuliza tunahusika vipi. Chukua maswali yale matano, futa neno "sili", andika kitalu cha uwindaji, leseni ya meli ya kina kirefu, mgodi, msitu wa hifadhi. Nenda nayo katika ofisi ya umma iliyo karibu nawe, uombe majibu kwa maandishi. Ukipata yote matano, nitakuomba radhi mbele ya darasa kwa kukupotezea muda na wanyama wa Atlantiki. Usipoyapata, rudi wiki ijayo tuendelee na somo.